Yaya Hagusi Sahani, Mimi Naimaliza

Mpendwa Mama Christa, nakusikia redioni unavyowajibu wengine, ndiyo maana nathubutu nami kuomba msaada wako. Mimi ni Kavuo, mwanafunzi wa hapa Butembo, na shida yangu ni ya yaya wangu, dada yangu mkubwa Joyeuse, mwenye miaka ishirini na mmoja, ambaye tangu aanze kufuata kwenye simu wasichana wanaoonyesha viuno vyao na sahani zao za matango, alikuwa anakimbia barabarani kila asubuhi, masikio yamezibwa na muziki, hadi siku moja akina mama waliokuwa wakishuka sokoni na mizigo ya mboga walimwona anakuja mbio, na wewe unajua huku kwetu mtu akikimbia hatuulizi sababu, wakatupa mizigo wakakimbia naye, wakipiga kelele kwamba waasi wanakuja, "Banakuya! Banakuya!", maduka yakafungwa, na yeye hakusikia kitu mpaka alipogeuka akaona mtaa mzima uko nyuma yake.

Mama mmoja akamuuliza, "Unakimbia nini, weye?"

"Nafanya sport, mama."

"Sport! Na mboga yangu nayo inafanya sport?"

Papa aliposikia akasema, "Hapana kukimbia tena. Kama unataka jasho, jembe liko."

Tangu hapo hakimbii, lakini anaogopa kunenepa, kwa hiyo ameacha kula. Kwetu sisi wasichana wawili tunakula katika sahani moja, naye anamega bugali, anafinyanga tonge, analisukuma upande wangu na kuninong'oneza, "Maliza, mudogo wangu, usiniuze," nami namaliza, na mama akiona sahani tupu anafurahi: "Batoto yangu banakula muzuri." Juzi tukitoka kuchota maji aliketi chini ghafla akasema barabara inazunguka. Nilimwahidi kunyamaza. Naamini anaweza kurudi kuwa kama zamani, ila sijui kipi kitamwumiza zaidi, kusema kwangu au kunyamaza.

Kavuo, Butembo

Kavuo, mwanangu,

Unampenda yaya wako, hilo nimelisoma. Lakini unasema unanyamaza, na si kweli. Unamdanganya mama yako kila jioni kwa kutafuna. Mtu aliyeketi njiani kwa kizunguzungu hana siri tena, ana ugonjwa, na ahadi yako haikufungi.

Leo, kabla moto haujawashwa, mwambie Joyeuse kwamba mama atajua, na umwombe mwende pamoja. Akikataa, nenda peke yako. Sema kizunguzungu na sahani, basi. Ukianza na habari za simu, wazazi watanyang'anya simu na njaa itabaki palepale. Kesho mama ampeleke kituo cha afya, apimwe damu.

Papa wako naye alikata maneno haraka mno. Kukimbia si kosa, kosa ni barabara. Aende uwanja wa mpira jua likiwa limetoka, ambako mtu akikimbia hakuna anayeshtuka, na masikio yawe wazi. Ila asikimbie kabla hajaanza kula. Hao wasichana wa simu hawajawahi kupandisha bidoni ya maji kwenye kilima chenu, wanajuaje tumbo la Joyeuse linahitaji nini?

Jioni, kula upande wako tu, kisha nawa mikono. Tonge lake liache lilipo, mama alione.

Atakukasirikia. Na akukasirikie, mradi awe ameshiba.

Mama Christa