Mji Ambao Sijaukanyaga

Sopa Lemayian, mwenzangu wa rika,

Mji ulio kwa hii picha sijaukanyaga; kadi nimeletewa na wajukuu. Wao na baba yao walishuka melini na pasipoti zao za ng'ambo. Yangu ya Kenya ilihitaji viza, na sisi tulidhani tiketi ya meli inatosha.

Nikabaki. Nikaletewa glasi ya maziwa, lakini unajua tangu ujana wetu wa umorani hatunywi maziwa peke yetu, bila mwenzetu. Nikazunguka meli nayo mkononi hadi nikapata mzee wa Ghana, naye amenyimwa kushuka. Nikamweleza desturi yetu. Akanywa nusu, akanirudishia, akasema, "Sasa hata sisi tumetembelea mtu."

Huko Kitengela, ndugu yangu, usinywe yako peke yako mpaka nirudi.

Ole Saruni