Sauti ya Pili

4 Februari

Kwa binti yangu Kasuku,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ni magoti tu yana siasa zake kila asubuhi. Shangazi yako mzima, anakusalimu na anauliza kama huko ughaibuni bado mnalala na soksi. Wewe je, kifua kimepona? Kazi umepata, au bado unaambiwa urudi wiki ijayo?

Naandika kwa mkono na kuipiga picha karatasi, kama kawaida. Cheka tu. Kuchapa kwa kidole kimoja kwenye simu kunanichosha kuliko kufundisha darasa la pili lote.

Habari kubwa hapa shuleni ni vishikwambi. Vimekuja kwenye maboksi, kimoja kila dawati. Mtoto anakifungua, inatokea aya fupi, anaisoma kwa sauti na kile kidude kinamrekodi. Kesho yake kinamletea nyota. Mimi nilikipokea kwa uso uliokunjwa, unanijua, lakini nakiri watoto wanakipenda. Hata wale watoro wangu siku hizi wanawahi namba ya asubuhi.

Ninaye mmoja, binti wa fundi viatu wa pale kona. Ana kigugumizi kibaya, neno linamkaba mpaka machozi yanamlengalenga. Huyo nasoma naye kama nilivyosoma na wewe. Naketi pembeni, namfuata kwa sauti ya chini, nyuma yake kidogo, ajue tu kuna mtu. Akikwama namwambia, "Taratibu, hatufukuzwi." Basi anapita. Juzi amesoma aya nzima mbele ya kishikwambi! Wenzake walipoona, kila mmoja akataka mwalimu akae pembeni yake. Sasa kutwa nazunguka nikinong'ona, koo limekuwa kama msasa.

Mwakani nastaafu. Natamani niondoke hivi hivi, chaki mkononi, darasa limejaa. Sina ombi jingine.

Kula vizuri, usijikondeshe.

Baba yako


19 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi ni mzima, kifua kimepona, na ndiyo, bado nalala na soksi. Barua yako nimeisoma yote isipokuwa kona ya chini, ambako kidole gumba chako kimejiweka kama mwenye nyumba. Mwambie apishe siku moja na sisi tuone.

Baba, kazi nimepata! Usimwambie mtu, nimesaini karatasi ya kufunga mdomo. Ni chumba kisicho na dirisha, meza ndefu, kila mtu na hedifoni zake. Tunasikiliza watoto wakisoma. Wewe na walimu wenzako mnadhani mashine ndiyo inayosahihisha, sivyo? Mashine yenyewe bado mwanafunzi. Sisi ndio tunaobonyeza: sahihi, kosa, au sifuri, nayo inatuiga. Wanaojua lugha yetu humu ni wawili tu, mimi na mama mmoja mtu mzima, kwa hiyo kila mtoto anayesoma kwa lugha yetu, popote alipo, anapita masikioni mwetu. Nikakukumbuka, nikasema kumbe na mimi nimekuwa mwalimu kwa mlango wa nyuma.

Sheria zao ni kali. Ikisikika sauti ya mtu mzima nyuma ya mtoto, hata kama mtoto kasoma vizuri, ni sifuri. Wanaiita sauti ya pili. Jana nimepata rundo zima la rekodi za shule fulani, jina hawaandiki, na nyuma ya kila mtoto kuna mzee ananong'ona kama nyuki kwenye chupa. Nikashusha sifuri mfululizo. Msimamizi akanipigia makofi mbele ya watu kwamba nina masikio makali. Tangu nifike huku sijasifiwa na mtu, Baba, nilirudi nyumbani naruka.

Msalimie Shangazi. Hongera kwa huyo binti wa fundi viatu.

Kasuku wako


12 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, unisamehe. Mimi sijambo. Hongera sana kwa kazi, nimefurahi, na Shangazi yako alipiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Kazi yako ishike vizuri. Mtu akipewa sheria kazini, azifuate.

Hapa matokeo ya vishikwambi sasa yanabandikwa ukutani, nje ya ofisi. Kila darasa na rangi yake. Langu ni jekundu. Mwalimu mkuu aliniita ndani. Unamkumbuka, nilimfundisha mimi, alikuwa anakula kalamu za risasi. Akanipa kiti, akaniita "mwalimu wangu" mara nyingi sana, nikajua hapa pana jambo. Akasema darasa likiwa bado jekundu kufikia katikati ya mwaka, watampa mwalimu mwingine, na mimi nitapangiwa stoo, nisimamie kuchaji vishikwambi. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikuulize kitu kidogo tu. Hiyo sifuri, ukishaibonyeza, inaweza kufutwa?

Baba yako


15 Machi

Baba,

Sikuamkii leo, nitakuamkia nikitulia.

Jana mchana nilikuwa nasikiliza msichana mmoja amekwama kwenye neno "mlangoni". Amelishika mwanzo tu, linamrudi, linamrudi. Kidole changu kiko tayari kwenye sifuri maana nimeshausikia ule mnong'ono. Halafu yule mzee akasema, "Taratibu, hatufukuzwi."

Nilizivua hedifoni. Nilikwenda chooni nikasimama nimeshika sinki. Mtu mwingine gani duniani anasema hivyo, Baba? Umeniambia maneno hayo kwenye kila ukurasa wa utoto wangu, na nimekaa wiki zote hizi nakusikiliza nisikutambue, nakuita nyuki.

Ulijua. Ulijua tangu barua yangu ya kwanza, ukanipa hongera.

Ni mimi, Baba. Ule wekundu ukutani nimeupaka mimi. Na hapana, haifutwi. Nimejaribu kuzirudia zile rekodi, zimefungwa.

Lakini bado tuna muda. Nakuomba kitu kimoja: fumba mdomo. Mtoto akianza kusoma, nenda kasimame ubaoni. Hadi katikati ya mwaka tu, darasa lipande, ubaki nalo, ustaafu unavyotaka. Nakupigia magoti.

Kasuku


2 Aprili

Kasuku wangu,

Tulia kwanza. Umekula? Usilie kwa ajili ya rangi.

Nimefanya ulivyosema. Watoto walipokuwa wanasoma nilisimama ubaoni na chaki mdomoni, kweli, nimeing'ata kabisa ili ulimi usiniponyoke. Na kwa haki ya Mungu wengi walisoma. Wengine wamesoma vizuri kuliko nilivyodhani, kumbe walikuwa wananidekea tu. Darasa limekuwa la njano. Mwalimu mkuu kanipa mkono.

Ila binti wa fundi viatu. Alifungua kishikwambi, akageuka kunitafuta pembeni, akaniona niko mbali. Akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Kile kidude kikamwambia kwa ile sauti yake ya furaha, "Jaribu tena!" Akajaribu. "Jaribu tena!" Sijui kilisema mara ngapi. Wenzake wakaanza kukiiga, darasa zima, "Jaribu tena, jaribu tena," na mimi nimesimama pale na chaki yangu kama sanamu. Mtoto akajikojolea. Akatoka mbio.

Hakurudi wiki ile wala iliyofuata. Baba yake akaja na nyundo yake ya viatu mkononi, si kwa ugomvi, alisahau tu kuiweka chini. Akaniuliza, "Mwalimu, amekukosea nini?"

Nimekwenda kwao mwenyewe kumchukua. Kuanzia kesho nakaa pembeni yake na nitanong'ona. Wengine wasome peke yao, yeye siwezi. Wewe fanya kazi yako. Ukinisikia, weka sifuri. Usinifanyie upendeleo, tafadhali, hiyo kazi umeitafuta kwa machozi. Sifuri ya mtoto mmoja nitaibeba.

Baba yako


9 Aprili

Shikamoo Baba,

Nimewasikia. Leo, kabla ya chakula cha mchana. Yeye mbele, wewe nyuma yake. Alifika "mlangoni", akakwama, ukasema maneno yetu, akapita. Mwishoni alicheka, kicheko kidogo cha puani. Wewe ukajisafisha koo, nadhani ulitaka kulia.

Nimebonyeza sahihi.

Najua ulichosema. Nimekuheshimu maisha yangu yote, niache nikukosee heshima mara moja hii. Amesoma, Baba! Kila neno amelisoma yeye mwenyewe. Nitafanya hivyo kila akija. Nani atajua? Rekodi ni nyingi kama mchanga.

Leo ndiyo siku ya kwanza nimeipenda kazi hii.

Kasuku wako


30 Mei

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Walikuja watu wawili, wenye vitambulisho shingoni. Kumbe rekodi nyingine zinasikilizwa mara mbili. Yule mama mwenzako amempa yule mtoto sifuri kila mara, wewe umempa sahihi kila mara, wakataka kujua kwa nini mtu mwenye masikio makali amekuwa kiziwi kwa mtoto mmoja tu. Wakatazama jina lako na la mwalimu wake. Jina letu la ukoo si la kupotea.

Wakaniuliza mbele ya mwalimu mkuu kama nina mtu ndani. Nikasema nina binti. Wakaandika "udanganyifu". Nilimtazama mwalimu mkuu, yule mla kalamu wangu, yeye akatazama meza. Matokeo ya darasa zima yamefutwa, hata ya wale waliosoma peke yao. Wazazi wanaambiwa mwalimu alikuwa anawasomea watoto.

Niko stoo sasa. Nachomeka vishikwambi asubuhi, nachomoa mchana. Darasa langu liko ng'ambo ya ukuta, nawasikia. Mwalimu wao mpya ni mtu mzuri, hana kosa. Binti wa fundi viatu kahamishiwa dawati la nyuma na haitwi kusoma tena, ili asiliangushe darasa.

Sina hasira na wewe. Ningekuwa nayo ningeiandika. Ulitaka kunibakishia darasa langu, na mimi ndiye niliyekufundisha kukaa pembeni ya mtu aliyekwama.

Kalamu siku hizi nzito, mkono wenyewe una ganzi. Uzee. Usijali.

Baba


3 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Mistari yako imepinda, imeteremka mpaka ukingoni mwa karatasi, na kwenye picha kiganja chako kizima kimeingia. Nenda hospitali. Usiniambie uzee. Mwambie Shangazi akupeleke leo.

Mimi nimemwaga unga, lakini hilo si kitu. Waliniondoa kabla hata hawajafika kwenu. Wameshikilia pasi yangu ya kusafiria mpaka uchunguzi wao uishe, vinginevyo ningeshakuwa njiani. Nafua mashuka kwenye hoteli, chumba cha chini, mashine zinanguruma siku nzima na hakuna mtoto hata mmoja.

Unasema huna hasira. Afadhali ungekuwa nayo. Ulinikataza waziwazi, nami nikajitia kujua zaidi. Ulikuwa umebakiza kitu kimoja tu maishani, Baba, nikakinyang'anya kwa mkono uleule niliotaka kukulindia. Nifanyeje? Niambie nifanye nini, nitafanya.

Kasuku


24 Juni

Baba,

Hujajibu. Simu inaita mpaka inakata. Kama ni hasira, sawa, ni haki yako, lakini nitumie hata karatasi tupu yenye kidole chako. Nitaridhika.

Kasuku


21 Julai

Baba yangu mpendwa,

Shangazi amenipigia, ameniambia yote. Kwamba walikukuta stoo, umeketi chini, waya wa kuchajia bado uko mkononi. Kwamba ni kiharusi, na tangu siku ile macho yako yanafuata watu lakini ulimi hausemi. Kwamba alinificha kwa sababu uliwahi kumwambia mtoto aliye mbali asibebeshwe mizigo. Pasi yangu bado wanayo. Nakwenda kila wiki, wananiambia nirudi wiki ijayo.

Ameniambia pia kwamba binti wa fundi viatu huja hapo kwako akitoka shule, na kitabu. Shuleni hasomi, kwako anasoma. Hukaa kwenye kigoda upande wako wa kulia.

Nilimwomba Shangazi anirekodie. Nikamwambia simu asimwekee mtoto, aiweke kwenye mto, karibu na mdomo wako. Jana imefika. Nikanunua hedifoni, nikakaa ngazini nyuma ya hoteli, mbali na mashine.

Anasoma, Baba. Anakwenda vizuri, halafu anafika kwenye neno gumu na ananyamaza. Hakwami, kukwama kwake nakujua. Anakusubiri. Anakuachia nafasi yako, ile ya kusema taratibu hatufukuzwi, na nafasi inakuwa ndefu. Halafu anaendelea mwenyewe. Mbele kidogo anakuachia nyingine. Amefanya hivyo mpaka mwisho wa kitabu.

Mimi nilifundishwa kuitambua sauti ya pili hata iwe chini kiasi gani. Nilikuwa hodari, walinipigia makofi. Nimeongeza sauti mpaka mwisho, nimefumba macho, nimeirudia tangu jana. Nasikia shuka, nasikia jogoo wa jirani, nasikia pumzi yako inaingia na kutoka.

Sauti nyingine sijaisikia, Baba. Nitairudia tena kesho.

Binti yako