Gari Lisilo na Paa Aliloniachia Okoth

Migori,
Jumapili, baada ya kanisa.

Dada yangu Dama,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wote wa hapo Rabai. Mguu wa mama umeacha kuvimba? Anaweza kushuka mwenyewe mpaka kisimani, au bado anapelekwa? Na ile minazi ya nyuma ya nyumba, imepona? Mimi afya ninayo, chakula napata, na cherehani yangu inafanya kazi. Hayo ndiyo mazuri. Nimeyatanguliza ili usianze kulia kabla hujafika chini.

Barua yako nilipewa na Bi Rukia, mke wa Mswahili mmoja mwenye duka la misumari na mabati, ambaye nimepanga chumba uani kwake. Unaniuliza mjane asiye na mtoto anatafuta nini Migori wakati kwao kuna nyumba. Tena unasema watu waliotoka huku wamewaambia kwamba niliiba gari la wakwe zangu nikatoroka nalo. Sikuiba, Dada. Kaa kitako nikueleze, maana nimechoka kuelezwa na wengine.

Unakumbuka mume wangu Okoth alipopunguzwa kazi bandarini Mombasa, tukahamia kwao Ndhiwa. Nilidhani atanunua ng'ombe kama wenzake. Siku moja akarudi kutoka Homa Bay na lori la mchanga, na juu ya ule mchanga kuna gari dogo la Kiingereza la zamani, milango miwili, paa halina. Lilikuwa limekaa miaka mingi katika ghala la pamba lililofungwa, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Rangi ilikuwa imebambuka. Sakafu imeoza mpaka unaona ardhi, na mbao zinazoshikilia milango zilikuwa zimeliwa na mchwa. Majirani walikuja kutazama wakaenda zao wakicheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika siku nyingi.

Lakini Okoth hakuwa mtu wa kubishana. Alilipandisha juu ya mawe, akaanza kulifungua kipande kimoja kimoja, na jioni akirudi ndani alikuwa na uso ambao sikuuona tangu siku alipopunguzwa kazi. Kwa ajili ya uso ule nikaanza kumsaidia. Mbao alizipeleka kwa fundi wa maboti kule Sindo, maana yule anajua kupinda mti bila kuuvunja. Injini aliitengeneza mwenyewe. Viti na turubai la kujikinga na mvua vilikuwa kazi yangu. Turubai lile, Dada, lilinitoa jasho. Cherehani ilikataa unene wake, nikamalizia kwa mkono, kwa sindano ya kushonea magunia na uzi niliopaka nta. Kona za nyuma ndizo ngumu, pale linapokunjika. Ukikata vibaya, mvua yote inaingia shingoni. Zile kona nilizirudia mpaka vidole vikatoka damu, lakini siku mvua ya kwanza iliponyesha tukakaa ndani yake uani, sisi wawili kama watoto, na halikuvuja hata tone.

Nisikudanganye, tulilifurahia. Jumapili baada ya ibada tunakunja turubai, najifunga leso kichwani, tunashuka Sindo kununua samaki. Upepo wa ziwa unakupiga usoni kabla hujaliona ziwa lenyewe. Okoth anaimba nyimbo za kanisa bila kufuata sauti, watoto wanakimbia pembeni wakipiga kelele, "Onge wi! Onge wi!" yaani halina kichwa. Na yeye anawapigia honi. Katikati ya njia anasimama na kusema, "Haya, shika wewe." Ndivyo nilivyojifunza kuendesha. Kisha akanifundisha na mengine, maana gari la umri ule ukiliacha wiki moja linakununia: kutia grisi kila kiungo, kusafisha plagi na kabureta, kupangusa kutu kabla haijaota mizizi, kulitazama joto la maji unapopanda mlima. Wanawake wenzangu waliniona na mafuta mikononi wakaniita fundi. Nilipenda kuitwa hivyo.

Halafu asubuhi moja Okoth akaanguka shambani, ameshika kifua. Hakukuwa na gari jingine. Nikasaidiwa kumweka kiti cha kando, nikaendesha mimi kwenda hospitali ya Homa Bay. Hakukuwa na nafasi ya kufunga turubai, jua likampiga usoni njia nzima. Alikata roho kabla hatujafika Rodi. Mimi sikusimama. Niliendelea mpaka Homa Bay na maiti begani, kwa sababu sikujua mtu katika hali ile anageuzia wapi.

Mlipata habari za mazishi, na najua kwa nini hamkuweza kuja. Yaliyofuata ndiyo sikuwaandikia.

Matanga hayajapoa vizuri, shemeji yangu Owino, mdogo wake Okoth, akaja na wazee wawili. Wakakaa. Mzee mmoja akazungumza juu ya desturi, kwamba mjane hawezi kukaa katika nyumba isiyo na mwanamume, na kwamba Owino amekubali kunirithi. Amekubali! Kama mtu aliyebebeshwa mzigo. Nikawaambia kwa heshima kwamba nimekataa.

Owino, ambaye huniita binti wa Mombasa kwa lugha yao, akasema, "Nyar Mombasa, wewe unakataa mimi, sawa. Lakini hii gari ni ya boma. Ulikuja hapa na nini? Ulikuja na sanduku."

"Nililishona mimi, shemeji."

"Ulishona kitambaa. Chuma ni ya ndugu yangu."

Akanyoosha mkono kuchukua ufunguo uliokuwa umetundikwa ukutani, mbele ya macho yangu. Mama mkwe peke yake ndiye aliyenena, kutoka mlangoni: "Owino, hata kaburi halijaota majani." Akajibiwa kwamba haya ni mambo ya wanaume.

Ulikuwa msimu wa kura, na Owino alitaka udiwani. Akaanza kuzunguka na lile gari, vijana sita wamesimama juu ya viti, spika imefungwa mbele, matope mpaka kwenye vioo. Kila jioni nililisikia likirudi, na kwa sauti tu nilijua linaumwa wapi. Maji halikutiwa. Grisi halikuiona. Nikawa nalala na hasira, naamka nayo, nakwenda nayo sokoni kushona nguo za watu. Dada, mimi sikuwa mtu wa chuki. Nilijifunza mwaka ule, na nilijifunza haraka.

Siku ya soko Ndhiwa, Owino akiwa na mkutano wake, gari likazima katikati ya watu na likakataa kuwaka. Akatuma kijana wake kwenye kibanda changu: shemeji anakuita, uje na spana. Nikaenda. Watu walikuwa wamelizunguka wakicheka. Na pale nikaona turubai langu. Lilikuwa limekatwa kwa panga ili spika sasa ihamishiwe juu, na vipande vinaning'inia kwenye mbavu za chuma zinazolishikilia kama nguo za mwendawazimu. Zile kona za nyuma hazikuwepo kabisa.

Nilifungua boneti. Walikuwa wakitia petroli ya madebe yenye kutu, kabureta imejaa uchafu. Nikaifungua, nikaipuliza kwa mdomo mpaka nikaonja petroli, nikairudisha. Nikaketi kiti cha dereva, nikawasha. Likawaka.

"Ero kamano," akasema Owino, yaani asante. "Sasa toka, dereva wangu aingie."

"Turubai lilikatwa na nani?"

"Hiyo ni kitambaa tu, Nyar Mombasa. Toka, watu wanangoja."

Nikatia gia. Watu waliokuwa mbele wakapisha, wengine wakapiga vigelegele wakidhani ni sehemu ya kampeni. Spika ikaanguka nyuma yangu, nikaisikia ikipasuka. Sikugeuka. Nilishika barabara ya Migori na vumbi lake lote, na nilifika kwa Bi Rukia, ambaye nilikuwa nikinunua dukani kwao misumari ya viti na gundi, nikamwambia, "Bi Rukia, nimefanya jambo." Akatazama gari, akanitazama mimi, akafungua lango la ua.

Walikuja, bila shaka. Walikuja na chifu na wazee, maneno yakawa mengi. Mwisho mzee mkubwa wa ukoo akaamua. Akasema yule mwanamke na achukue chuma chake, kwa kuwa anakipenda kuliko watu. Lakini boma la Okoth asilikanyage tena, akiwa mzima wala akiwa maiti. Yaani hata kaburi la mume wangu nisilitembelee, na mimi nisizikwe kando yake. Owino akatabasamu. Alishindwa kura, lakini siku ile alishinda.

Kwa hiyo sasa ninalo. Nimeshona turubai jingine, si zuri kama lile la kwanza, uzi wa siku hizi haufai. Nimeziba kutu, nimepaka rangi upya, na Jumamosi ninalikodisha kwa harusi, maana watu wa Migori wanapenda bibi harusi aonekane. Jumapili nyingine nakunja turubai na kwenda peke yangu kwenye barabara ya Isebania. Linakwenda vizuri, Dada, injini inanong'ona. Na kiti cha kando kitupu. Nikifika mahali pa kugeuza nageuza, narudi nyumbani, nalifuta vumbi. Siwezi kukuambia kama hiyo ni furaha. Unataka niliuze nije Rabai. Nikiliuza, nilifukuzwa kwa ajili ya nini?

Mwezi uliopita nikasikia mama mkwe anaumwa. Yule mama alinifundisha lugha yao, alinifundisha kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, hakunitukana kwa utasa hata siku moja. Nikaenda. Nilisimamisha gari nje, barabarani, mbele ya mlango wa boma, ambao walikuwa wameuzibia miiba. Sikuzima injini. Alisikia mlio akatoka na fimbo yake, polepole, amekonda, Owino nyuma yake.

"Mama, rudi ndani. Tulisema huyu asikanyage hapa."

"Amekanyaga wapi?" akasema. "Barabara ni ya serikali. Niache nikae kwa serikali."

Akaizunguka ile miiba, nikamfungulia mlango, akataka kiti cha dereva. Akashika usukani kwa mikono miwili.

"Hapa ndipo alikuwa anakaa?"

"Hapo, mama."

"Na siku ile alikuwa kwa hicho kingine."

"Ndiyo. Kichwa chake kilikuwa begani kwangu."

"Alisema nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo, Dada. Si mchungaji, si wazee, wala wewe. Nikamwambia kweli: "Alisema niangalie joto la maji."

Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa, na kicheko kikageuka. Tukakaa pale tunalia, Owino amesimama upande wa pili wa miiba hajui aweke wapi mikono yake. Kisha mama mkwe akanishika shavu, akaniita binti yake kwa lugha yao. "Enda sasa, nyara. Na ukisikia nimekufa, usikuje. Watakuaibisha mbele ya maiti yangu na mimi sitaweza kuwaambia kitu."

Wiki mbili baadaye nilikuwa natia grisi magurudumu ya mbele, redio ya Bi Rukia iko dirishani, wakaanza kusoma matangazo ya vifo. Nikasikia jina lake. Wakataja watoto, wakamtaja marehemu Okoth, wakataja wajukuu. Wakaja kwa wake wa wanawe: mama mkwe wa Akinyi, mama mkwe wa Atieno. Nilisimama na kitambaa mkononi, nikangoja jina langu. Wakaingia kwa kifo cha mtu mwingine.

Sikwenda. Alinikataza, nami nikamtii. Maziko yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo nilikuwa nimekwisha kodiwa. Nikafunga utepe mweupe kwenye boneti, nikakunja turubai, nikampakia bibi harusi na mumewe. Mji mzima ulipiga vigelegele. Nilikuwa nikifikiri sasa wanaliteremsha jeneza, sasa wanatupa udongo. Yule msichana akaniinamia sikioni akasema, "Mama, endesha polepole, nataka watu wanione."

Nikaendesha polepole.

Msomee mama barua hii, lakini ruka pale nilipofukuzwa. Mwambie tu kwamba mkwe mwenzake amefariki, naye atajua la kufanya. Msalimie mumeo, shemeji yangu mpole, na kaka yetu mkubwa Charo, na wifi zangu wote wawili, hata yule aliyesema nimeiba. Watoto wabusu vichwani. Kama kuna anayekuja huku, nitumieni uzi mnene ule wa kushonea matanga ya mashua. Huku haupatikani.

Mimi mdogo wako,
Kadzo