Kamba za Miguu Yetu Dukani kwa Mzee Hamadi

Jumamosi jioni

Takataka! Hivyo ndivyo alivyoziita, na hasira hazijanitoka.

Leo mafundi walikuwa wanalisafisha duka la viatu la marehemu Mzee Hamadi, ili wapangishwe wauza simu. Nyuma ya kaunta zilikuwa bado zimening'inia zile kamba za mgomba. Nikamwomba msimamizi wao anipe nafasi nitafute moja. "Mama, hizi takataka tu," akasema, akazitupa zote kwenye moto uani.

Tulipokuwa wadogo, mama yetu alikuwa akishuka mjini kutununulia viatu, sisi tunabaki Meru. Alibeba kamba, kila moja imekatwa kwa urefu wa mguu wa mtoto. Mzee Hamadi alizipima kwenye soli, kisha akazitundika msumarini na majina yetu. Mama akija na mpya mwaka uliofuata, Mzee analinganisha, anamtania: "Mama Eli, huyu unamlisha nini?"

Kaka Eli alipofariki, yuko darasa la pili, kamba yake haikutolewa. Mzee aliniambia mwenyewe niifuate siku yoyote. Miaka yote nikawa napita pale, nasema kesho.

Picha ya Eli hatuna hata moja. Tulikuwa na urefu wa mguu wake tu, na yule bwana ameuchoma huku ananitazama.