Maji ya Kwanza ya Mnavu

Shosti, uko hewani? Nimemliza baba. Mimi! Mezani, kijiko mkononi.

Si unaujua ule mnavu wa marehemu mama nyuma ya jiko? Umeanza kukauka, nikachuma majani ya mwisho nimpikie mzee mchana huu.

Na baba unamjua. Mama akiupika ni malalamiko tu: "We mwanamke, mboga gani chungu kama shubiri?" Mama anacheka, anamwongeza upawa mwingine.

Basi nikajifanya fundi. Nikauchemsha, maji ya kwanza nikayamwaga nje ili uchungu utoke, nikatia maziwa. Nikasema leo mzee atalamba sahani.

Akaonja. Akaonja tena.

"Huu ni mnavu wa mama yako?"

Nikamwambia ndiyo baba, ila nimeutoa uchungu.

Akaweka kijiko chini. "Mwanangu, uchungu wa mama yako umeumwaga?"

Umeumwaga, shosti! Hivyo hivyo alivyosema. Halafu machozi. Baba huyu huyu ambaye hata makaburini hakulia!

Nimetoka mbio hadi pale nilipoyamwaga yale maji, hata sijui nilitaka kufanya nini.

Ardhi imeshayanywa yote.