Ishirini na Saba Wameingia

Jumatatu, 4 Machi
Wanafunzi wangu wa ushonaji ni thelathini na mmoja. Walioingia kwenye mfumo wa masomo mtandaoni — wanne! Mkuu wa chuo kanibana ofisini: hao wavivu tu, mwisho wa mwezi tunaufunga. Ukifungwa, walioajiriwa na wenye watoto wachanga ndio basi tena. Nimetoka nimenywea. Wavivu? Watu wanaoshona mpaka vidole vinatoboka?

Jumatano, 6 Machi
Nimewauliza kwa nini hawaingii. Kisha Mama Pacha, mkubwa wao wote kwa umri, akanifuata kwenye meza ya kukatia. "Mwalimu, kule ukikosa, alama yako inaanikwa wote waione. Hawa mimi nawazaa. Niaibike mbele yao?" Hapo wengine nao wakapata midomo: video ndefu zinamaliza bando, na anayefundisha hawamjui, anaongea kama anafukuzwa. Kumbe! Miezi miwili nahubiri faida za mfumo, sijawahi kuuliza.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemganda fundi wa kompyuta mpaka kasalimu amri. Sasa kila mtu anaona alama zake tu, na zoezi linarudiwa hata mara kumi. Video nimerekodi mwenyewe, dakika tatu tatu. Sauti inakwaruza, mkasi ukanidondoka katikati. Nimeacha hivyo hivyo.

Jumanne, 19 Machi
Ishirini na saba! Nimehesabu mara mbili. Mama Pacha karudia zoezi la kola mara sita, ya sita kapata yote. Hakumwambia mtu, ila leo kaingia darasani kwa mwendo wa bibi harusi. Mkuu kasema tu, tutaona. Aone! Kichwa kimenivimba na sijali.

Alhamisi, 21 Machi
Mchana, ofisini. Mkuu kakaa pembeni yangu, macho kwenye kompyuta, kaja kuamua kama mfumo ufungwe. Najifanya naandika maandalio ya somo, kumbe ni shajara. Binti mmoja kauliza kwenye ukurasa wa maswali, yuko kazini kwake: sketi ya mteja, zipu imejikunja, afanyeje? Nikaanza kujibu. Mkuu akanishika mkono. "Ngoja, kuna mwenzio anaandika."

Mama Pacha! Mbele ya darasa zima!

Nimefuta jibu langu. Lake limetokea: "Usiogope, mwanangu. Kwanza ifumue, nami nakuelekeza."

Mkuu kavaa miwani, kasogeza kiti. Anauliza huyu ni mwalimu wa idara gani. Mama Pacha bado anaandika —