Ubao wa Kaburi la Selestini Mwamba, Mwigizaji

Nakuru, 14 Septemba 1957

Kwa Bw. Khisa, mjumbe wetu aliyehamishiwa stesheni ya Eldoret. Uliomba uletewe habari ya kikao hiki. Ni hii.

CHAMA CHA WAIGIZAJI WA LANDHI (NYUMBA ZA WAFANYAKAZI WA RELI), NAKURU
Kikao cha dharura, chumba cha nyuma cha ukumbi, saa nane mchana

Waliohudhuria: Bw. Odero (Mwenyekiti, karani wa reli), Bw. Naftaly Owuor (fundi wa karakana), Bi. Jerop (mshonaji wa mavazi), Bw. Kimutai (mwigizaji), Bi. Truphosa Nekoye (Katibu).
Asiyekuwepo: Bw. Khisa, kwa udhuru.

KUMB. NA. 1/57: KUFUNGUA
Bi. Jerop alifungua kwa sala. Mwenyekiti alieleza kwamba kikao kimeitishwa na wajumbe, si yeye, na akataka hilo liandikwe. Limeandikwa.

KUMB. NA. 2/57: KATIBU
Mwenyekiti alisema haifai Katibu aandike, kwa kuwa ni mjane wa marehemu. Bw. Owuor aliuliza nani mwingine ataandika. Katibu aliendelea.

KUMB. NA. 3/57: MAISHA YA MAREHEMU
Bw. Owuor alitaka maisha ya marehemu yaandikwe kwanza, maana kaburini hayakusemwa. Ilielezwa kwamba marehemu alizaliwa Katanga, akasomeshwa na mapadri kwa Kifaransa, na alianza kuigiza shuleni kwao kama Herode. Kundi la Wabelgiji lilimchukua, akazunguka nalo Kongo yote na kuvuka hadi Ulaya. Aliigiza katika sinema tatu na katika zote aliuawa. Alizoea kusema kwamba hakuna Mzungu aliyewahi kumwacha afike mwisho wa picha. Ya tatu ilipigwa huku kwetu. Vita vilipoanza wenye picha walirudi kwao, naye akabaki Nakuru bila nauli. Alipata kazi ya jikoni hotelini. Jioni alifundisha chama hiki, miaka kumi na saba.

Bw. Kimutai alikumbusha kwamba mzee alipokasirika alitukana kwa Kifaransa, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Katibu aliongeza kwamba alizoeza sauti yake akimenya viazi.

KUMB. NA. 4/57: UBAO
Bi. Jerop alieleza kwamba hoteli ilileta ubao wa kaburi siku ya mazishi, nao umeandikwa: SELESTINI, BOI WA JIKONI. Jina la Mwamba halimo. Ubao wenyewe umepakwa kijani, rangi iliyobaki walipopaka lango la hoteli.

Bi. Jerop alisema kila mjumbe anajua mwiko ambao marehemu alifundishwa na Wabelgiji, kwamba kijani haipandi jukwaani kwa sababu huleta mkosi. "Alinifanya nifumue gauni zima kwa ajili ya pindo la kijani. Leo analala chini ya kijani."

Bw. Owuor aliuliza mtu wa miaka sitini na kitu anakuwaje boi, yaani mvulana. Alimwambia Mwenyekiti: "Ulikuwa umesimama pale pale kaburini, kofia mkononi. Tulikupa kazi moja, useme huyu alikuwa mwigizaji. Ukamwambia meneja wa hoteli nini? 'Asante bwana.'"

Mwenyekiti alijibu kwamba hoteli ndiyo iliyotoa jeneza, na kwamba meneja wake yumo katika halmashauri ya ukumbi. "Tukiung'oa ubao wake, mchezo wa Krismasi mtauchezea wapi? Kwa choo cha landhi?"

Bw. Kimutai alisema wapo waliowahi kucheza mahali pabaya zaidi, na watazamaji wakaja.

Mwenyekiti alimwomba Bw. Kimutai awe na adabu. Bw. Kimutai alisema ana adabu, asichokuwa nacho ni uvumilivu.

Mwenyekiti alimgeukia Katibu: "Mama, wewe mwenyewe sema. Unataka vita na hoteli?" Katibu alijibu kwamba hataki vita. Alisema mume wake alivaa aproni kila asubuhi bila kulalamika, kwa sababu alijua saa ya kuivua. Sasa hawezi kuivua mwenyewe.

KUMB. NA. 5/57: UAMUZI
Iliamuliwa ubao wa hoteli ung'olewe na urudishwe kwa wenyewe kwa heshima, na uwekwe mwingine mweupe wenye maneno haya: SELESTINI MWAMBA, MWIGIZAJI. Waliokubali ni watatu. Mwenyekiti alipinga. Katibu hakupiga kura.

Mwenyekiti alitaka iandikwe wazi kwamba alipinga, ili meneja akiuliza aonyeshwe. Imeandikwa. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa stoo ya jukwaa, akauweka mezani, akasema rangi nyeupe iko nyuma ya mapazia na brashi zioshwe zikirudishwa.

KUMB. NA. 6/57: KUFUNGA
Wajumbe waliondoka saa kumi kasorobo kwenda stoo. Mwenyekiti alibaki kutia sahihi.

Bw. Khisa, hukumwona akizikwa. Tunaomba umkumbuke.

Odero, Mwenyekiti
Truphosa Nekoye, Katibu